Nani kiwandani ana mamlaka ya kusema hapana?

Kila nipitapo Kariakoo, Manzese au stendi yoyote ya mabasi, nasikia kipaza sauti kikirudia maneno yale yale: "Haina kemikali, haina madhara." Husemwa hivyo juu ya sabuni ya maji, juu ya krimu ya kung'arisha uso, juu ya dawa ya mende, hata juu ya unga wa lishe wa mtoto. Redioni ni hivyo hivyo, na kwenye makundi ya WhatsApp ndiyo usiseme. Wanunuzi nao, hasa kina mama, wamejifunza kuigeuza chupa na kutafuta mambo mawili: tarehe ya kuisha muda na alama ya ubora. Wakiyaona, wanalipa na kuondoka.

Sijasikia mtu akiuliza: nani kasema haina madhara? Ni mtu gani, mwenye jina gani na elimu gani, aliyekaa na mchanganyiko ule, akaujaribu, akapiga hesabu ya kile kitakachoingia mwilini mwa mtoto wa kilo 10, kisha akaweka saini kwamba biashara iendelee?

Msimamo wangu nauweka wazi. Kiwanda kinachotengeneza kitu cha kula, kunywa, kujipaka au kupulizia ndani ya nyumba kisipewe leseni mpaka kiwe na mtaalamu wa toksikolojia, elimu ya sumu, wa ngazi ya juu, ambaye jina lake linajulikana serikalini na ambaye ana uwezo wa kusimamisha mtambo. Awe ameajiriwa na kiwanda kimoja au anahudumia viwanda kumi, kwangu ni sawa. Muhimu awepo, na akisema simamisheni, pasimame.

Anafanya nini hasa?

Wengi wetu tukisikia mtaalamu wa sumu tunawaza polisi, maiti na sampuli inayopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kazi hiyo ipo na ina heshima yake, lakini anayeifanya hufika matanga yakiwa yamekwisha anza. Ninayemzungumzia leo hufanya kazi kabla ya bidhaa kufika dukani, na kazi yake ikienda vizuri hakuna anayemjua, kwa kuwa hakuna aliyeumia.

Tuseme kiwanda kinataka kutia kihifadhi kipya kwenye juisi. Mtaalamu huyu huanza na kusoma. Kitu hiki kinafanana na kipi kinachojulikana tayari? Huyeyuka kwenye maji au kwenye mafuta? Ini hukivunja kikawa nini, na hicho kinachozaliwa baada ya kuvunjwa huelekea wapi mwilini? Baada ya hapo vinakuja vipimo vya bakteria na chembe hai, kuona kama vinasaba vinavurugwa. Kikipita hapo ndipo wanyama hufikiriwa, na siku hizi maadili na sheria hutaka wapunguzwe kadiri iwezekanavyo. Kwa vipodozi, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango huo kabisa mwaka 2013.

Panya hugawanywa makundi. La kwanza halipewi kitu, yanayofuata hupewa kidogo, kiasi na kingi, kila siku kwa siku 90, na kwa kitu kitakacholiwa maisha yote jaribio huweza kwenda miaka 2. Mwishoni hukaguliwa ini, figo, damu, ubongo na viungo vya uzazi. Kinachotafutwa ni kipimo kikubwa kabisa ambacho bado hakijaleta dhara. Tuchukulie ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Hapo hutumika desturi iliyowekwa na wanasayansi wa Marekani miaka ya 1950. Unagawanya kwa 10, kwa kuwa binadamu huenda akadhurika upesi kuliko panya. Unagawanya kwa 10 tena, kwa kuwa binadamu wenyewe hawalingani: yuko mjamzito, yuko mtoto mchanga, yuko mgonjwa wa figo. Kwa hiyo mtoto wetu wa kilo 10 anaruhusiwa miligramu 1 kwa siku, basi.

Hesabu hiyo hata mhitimu wa mwaka huu anaiweza. Ukubwa wa kazi uko kwenye maswali yasiyo kwenye fomu, na hapo ndipo ninapoelewa kwa nini wazee wetu walisema penye wazee haliharibiki neno.

Angalia piko. Pwani yote, kutoka Lamu mpaka Mtwara, na ng'ambo kule Oman, bibi harusi huchorwa mikono na miguu. Hina ya majani imetumika kwa karne nyingi. Lakini weusi ule mkali wa piko hutoka kwenye rangi ya nywele ya kiwandani, yenye kemikali iitwayo parafenilinidayamini. Aliyeitengeneza aliipimia nywele: ipakwe, ikae kidogo, ioshwe. Sheria ya Ulaya huiruhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na haikubali ichorewe ngozi. Huku kwetu hukaa juu ya ngozi laini ya msichana kwa muda mrefu, na hakuna anayejua imekorogwa kwa nguvu gani. Wapo wanaoota malengelenge wakabaki na kovu lenye umbo la ua lile lile walilochorwa. Na mwili ukishaikataa kemikali hiyo mara moja, huikataa maisha yote. Miaka 20 baadaye mtu anataka kuficha mvi, uso unavimba na hajui kwa nini.

Mtaalamu aliyesomea na kukaa Ujerumani maisha yake yote atalijulia wapi jambo hili? Wa Mombasa au Unguja analijua kwa sababu dada yake amechorwa. Ndiyo maana atauliza pia: dawa hii ya wadudu itauzwa kwenye chupa yake, au muuza duka ataimimina kwenye chupa za soda auze kwa kipimo kidogo? Mafuta haya yatakaa kabatini, au yatakaa sakafuni nyumba ya chumba kimoja anakotambaa mtoto? Matumizi ya kweli ya watu wa kweli ni sehemu ya sumu yenyewe. Tabibu Paracelsus alikwisha fundisha katika karne ya 16 kwamba kipimo ndicho kinachokifanya kitu kiwe sumu, na kipimo hupangwa na maisha tunayoishi.

Dawa iliyoonjwa utamu tu

Mwaka 1937 kampuni ya dawa ya S. E. Massengill, katika mji wa Bristol, Tennessee, Marekani, ilikuwa na dawa iliyosifiwa sana kwa kutibu maambukizi ya koo, salfanilamaidi. Ilikuwepo kwa vidonge na unga, wateja wakataka ya maji ili watoto wainywe kwa urahisi. Mkemia mkuu wa kampuni akatafuta kimiminika kitakachoiyeyusha, akapata daiethilini glaikoli. Akatia ladha ya matunda, dawa ikanukia vizuri. Maabara ya kiwanda ikakagua mambo matatu: ladha, rangi na harufu. Hakuna aliyempa hata panya mmoja. Dawa ikapakiwa na kusambazwa.

Zaidi ya watu 100 walikufa, watoto wakiwemo, kwa figo kushindwa kazi na maumivu ya siku nyingi. Daiethilini glaikoli ikifika kwenye ini huvunjwa ikawa asidi inayoua chembe za figo. Swali lile la "ini hukivunja kikawa nini" lingetosha kuizuia. Tena sheria ya wakati ule haikumlazimisha mwenye kiwanda kujaribu usalama wa dawa. Kosa waliloweza kumshitakia lilihusu jina lililoandikwa kwenye chupa: aliiita eliksa, na eliksa ilitakiwa iwe na kileo. Wabunge wa Marekani wakapitisha sheria mpya mwaka 1938, kwamba usalama uthibitishwe kwanza ndipo dawa iuzwe.

Msomaji atasema hayo ni ya zamani, tena ya Wamarekani. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za kikohozi na mafua zilizopatikana Gambia, zilizotengenezwa India. Zilikuwa na daiethilini glaikoli ile ile. Vifo vya watoto zaidi ya 60 vilihusishwa nazo, na figo zilikuwa zimekufa namna ile ile ya Tennessee. Mwaka huo huo Indonesia ilizika watoto wapatao 200 kwa dawa za maji za aina hiyo. Miaka 85 ilikuwa imepita tangu Massengill. Elimu ilikuwepo vitabuni, kipimo cha kuigundua kilikuwepo, na kila mwanafunzi wa toksikolojia husimuliwa kisa hicho darasani. Kilichokosekana ni mtu pale kwenye mapipa ya malighafi, mwenye cheo cha kumwambia meneja wa ununuzi: pipa hili halifunguliwi mpaka nilipime, hata kama cheti cha muuzaji kinasema ni safi.

Dawa za maji za watoto tunazonunua Tanzania, Kenya, Rwanda na Uganda, nyingi hutoka kwenye viwanda vya mbali vya namna hiyo, na nyingine hutengenezwa hapa hapa kwa malighafi inayonunuliwa huko. Mama anayemnywesha mtoto kijiko usiku wa manane anamtegemea mtu huyo kwenye mapipa bila kumjua.

Wilhelm Hueper na mbwa wake

Lakini kuwa na mtaalamu hakutoshi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa hiki ndicho kilichonifanya niamini kwamba cheo bila ulinzi ni kazi bure.

Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianzisha maabara yake ya sumu za viwandani, Haskell, huko Delaware katika miaka ya 1930. Mmoja wa wanasayansi iliowaajiri ni Wilhelm Hueper, daktari mzaliwa wa Ujerumani. Wakati huo wafanyakazi wa kiwanda cha rangi cha kampuni hiyo huko Deepwater, New Jersey, walikuwa wameanza kupata saratani ya kibofu cha mkojo. Jambo lenyewe halikuwa geni: mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alikuwa amekwisha liripoti mwaka 1895 kwa wafanyakazi wa viwanda vya rangi. Swali lilikuwa kemikali ipi hasa.

Hueper aliishuku beta-naftilamini. Panya na sungura hawakuwa wameonyesha kitu, na mtu wa haraka angeandika "ni salama" akaenda nyumbani. Yeye akachagua mbwa. Mbwa wakapata saratani ya kibofu kama ya wale wafanyakazi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1938. Huo ndio ukubwa wa mtaalamu: kujua kwamba mnyama fulani kukaa kimya si ushahidi, na kujua amuulize mnyama gani mwingine.

Hueper alisimulia baadaye kwamba aliomba kukiona kiwanda chenyewe, akakuta kila kona inang'aa. Mfanyakazi mmoja akamnong'oneza kuwa usiku kucha walikuwa wakisafisha kwa ajili ya ugeni wake. Akaomba aonyeshwe jengo la jirani bila taarifa, akakuta unga wa kemikali umetapakaa. Akawaandikia wakubwa wa kampuni. Hakuruhusiwa tena kwenda huko, na mwaka 1937 akaachishwa kazi. Uzalishaji wa kemikali ile uliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1950, na waliougua saratani kutoka kiwanda hicho walihesabika kwa mamia. Hao walikuwa baba za watu, waliorudi nyumbani kila jioni na unga huo kwenye nguo zao za kazi, na wake zao wakazifua.

Hueper hakunyamaza. Mwaka 1948 akawa mkuu wa kitengo cha saratani zitokanazo na mazingira katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, na Rachel Carson alipoandika kitabu chake mashuhuri juu ya viuatilifu mwaka 1962 aliegemea sana kazi yake. Lakini kwa wale wa Deepwater ilikuwa imechelewa.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwepo Robert Kehoe, mwanasayansi aliyetetea risasi kwenye petroli kwa niaba ya kampuni iliyoitengeneza. Kwa miaka kama 40 alishikilia kwamba risasi ni kitu cha kawaida mwilini na kwamba anayeilalamikia ndiye alete ushahidi wa madhara. Alikuwa msomi hodari, tena mwenye maabara kubwa. Hodari huyo aliugeuza mzigo wa ushahidi ukawaangukia watoto. Sisi wa kusini mwa Sahara tuliendelea kuvuta moshi wa petroli hiyo mpaka mwishoni mwa 2005. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hiyo ninapodai mtaalamu wa ngazi ya juu, namdai Hueper, na nadai sheria ya kumzuia asifukuzwe kwa kusema kweli.

Owino Uhuru

Atakayesema visa hivi ni vya Wazungu aende Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Hapo kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo kushughulikia uhusiano na jamii, na moja ya kazi zake ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Mtaalamu aliyeshirikishwa akashauri kiwanda kihamishwe, kwa kuwa kilikuwa kimegusana na nyumba za watu. Ushauri huo haukusikilizwa, na Omido akaondolewa kwenye jukumu hilo. Muda mfupi baadaye mwanawe mchanga akaugua. Madaktari walihangaika na magonjwa tuliyoyazoea hadi damu ya mtoto ilipopimwa risasi, ikakutwa nayo.

Mfikirie mama huyo. Alikuwa na ripoti mkononi kabla mtoto hajaugua. Alikuwa ndani ya kiwanda. Hakuwa na cheo cha kuzima tanuru. Aliacha kazi, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru moshi ule ukifuka sasa ni kijana, na risasi iliyoingia kwenye ubongo unaokua haiondolewi kwa hukumu ya mahakama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta wanaoujenga ni walipa kodi na familia zenyewe.

Unga wetu

Sehemu inayonigusa zaidi ni unga wa mahindi, kwa sababu hauhitaji kiwanda kikubwa wala kemikali yenye jina gumu. Sumukuvu huzalishwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Dunia iliifahamu mwaka 1960, baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa Uingereza kwa chakula chenye karanga. Ukambani, Kenya, mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa. Dodoma na Manyara mwaka 2016 tuliwazika ndugu zetu wapatao 20. Hao ndio waliokula nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haugui leo. Ini lake hupata saratani akiwa na miaka 45, na nyumbani watasema amerogwa.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo ya unga. Mzungu anayekula mahindi mara moja kwa wiki na mkulima wa Kondoa anayekula ugali mchana na usiku mwaka mzima hawawezi kulindwa na namba moja kwa usawa. Halafu liko jambo la homa ya ini aina ya B, ambayo kwetu imeenea kuliko Ulaya. Kwa mwenye virusi hivyo, nguvu ya sumukuvu kuleta saratani ya ini ni karibu mara 30 ya ile ya asiyekuwa navyo. Unga ule ule, sahani ile ile, ndugu wawili, hatari mbili tofauti kabisa. Nani katika viwanda vyetu vya unga anayepiga hesabu hii? Mashine ya kusaga ina fundi umeme, ina mhasibu, ina dereva wa lori. Wenye viwanda wakubwa wana kijana wa maabara anayepima unyevu. Kijana huyo akimwambia tajiri kwamba tani 30 zilizoshushwa asubuhi hazifai, tajiri atamsikiliza au atamtafuta kijana mwingine?

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, na wakulima ambao hawakuwa na kosa wakapata hasara. Tulikasirika, tukalisema kama suala la ujirani. Tungekuwa na wataalamu wanaoheshimiwa pande zote mbili, wenye takwimu za kila ghala, mazungumzo yale yangekuwa ya namba, na malori yale yasingepanga foleni.

Wanaosema haiwezekani

Wa kwanza atasema gharama. Mama anayetengeneza sabuni ya maji kwenye ndoo tatu Mbagala atamlipaje mtu mwenye shahada ya uzamivu? Hatamlipa peke yake. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, inakusanya wajasiriamali tayari. Mtaalamu mmoja anaweza kuhudumia watengenezaji sabuni wa mkoa mzima, kwa ada ndogo, akawapa michanganyiko iliyokwisha kaguliwa na orodha ya vitu vya kutogusa. Kiwanda kikubwa kinachojitangaza kwenye televisheni kila jioni hakina sababu ya kulalamika.

Wa pili atasema hatuna watu. Tunao wachache, na mahali pa kuwafundishia papo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara yenye neno toksikolojia katika jina lake, kwenye kitivo cha tiba ya mifugo pale Kabete. Sokoine, Muhimbili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wana wakemia, wafamasia na madaktari wa mifugo ambao wangeweza kubobea. Vijana hawaendi huko kwa sababu hakuna ajira inayowangoja, na ajira haipo kwa sababu sheria haiidai.

Wa tatu ana hoja nzito: anayelipwa na kiwanda atasema anachotaka mwenye kiwanda. Ni kweli hutokea. Industrial Bio-Test, maabara kubwa karibu na Chicago iliyokuwa ikiyapimia makampuni mengi ya Marekani dawa na viuatilifu, ilibainika mwaka 1976 kuwa inabuni matokeo. Wanyama waliokufa walionekana tena hai kwenye kumbukumbu. Wakubwa wake walitiwa hatiani mwaka 1983. Mficha maradhi kilio humuumbua. Dawa ya uovu ule ilikuwa kanuni kali: kila jaribio liwe na msimamizi mmoja anayesaini na kubeba lawama, kila karatasi na kila kipande cha ini kitunzwe, na mkaguzi wa serikali aweze kufungua kabati siku yoyote. Kanuni hizo sasa hufuatwa duniani kote, na zinaweza kufuatwa Kibaha na Thika.

Nakiri pia kwamba mtaalamu mwaminifu anaweza kushangazwa. London, Machi 2006, wanaume sita waliojitolea walipewa dawa mpya kwa kipimo kidogo mara 500 kuliko kile kilichowapita wanyama bila dhara, na ndani ya saa chache viungo vyao vilianza kushindwa kazi. Wote walipona kifo kwa taabu. Walikuwa wamechomwa sindano wote sita mfululizo, kila mmoja dakika chache baada ya mwenzake. Baada ya hapo mwongozo wa Ulaya ulibadilika: anza na mmoja, ngoja, tazama. Neno "ngoja" linagharimu fedha nyingi kiwandani, na ndiyo sababu linahitaji mtu mzima wa kulisema na sheria ya kumwekea mgongo.

Tuanzie wapi? Ulaya, tangu sheria yao ya vipodozi ya mwaka 2009, hakuna krimu inayoingia sokoni bila ripoti ya usalama yenye jina, shahada na saini ya aliyeitathmini. Waziri wa viwanda na biashara, pamoja na shirika la viwango, TBS, na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, wanaweza kuweka sharti kama hilo kwenye vibali vya hapa, wakianza na vyakula vya watoto, dawa za maji, vipodozi na dawa za wadudu. Rejesta ya majina hayo iwe wazi kwa mwananchi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Wakemia na wataalamu wa viwandani waelezwe kwamba inawahusu, na mwajiri atakayemwadhibu mtu kwa kuandika "hapana" kwenye ripoti ya usalama apoteze leseni.

Wewe msomaji nawe una kazi. Kwenye kopo la maziwa ya mtoto wako, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, kwenye krimu anayopaka binti yako, ipo namba ya simu ya mtengenezaji. Ipige, uliza jina la mtu aliyethibitisha usalama wa bidhaa hiyo na elimu yake. Wakishindwa kulitaja, irudishe dukani, na mwambie mbunge wako kwa nini umeirudisha.